Zamu Isiyopokewa

Mtaa mzima ulishuhudia fundi bomba akija kutengeneza bomba la fundi bomba. Alikuja Ijumaa, mchana kweupe, saa ambayo watu wamekaa barazani hawana cha kutazama, begi la vifaa begani na mluzi mdomoni. Akabisha kwa Kamanda, akaingia, akakaa humo kiasi cha kuchemsha birika moja la chai, akatoka. Bomba la jikoni lililokuwa likidondoka tangu mwanawe Kibiriti hajaota meno likanyamaza kama lililofiwa.

Maneno yalikuwa mengi. Wapo walioapa kwamba matone ya bomba lile yalishachimba shimo kwenye sinki, na panya walikuwa wakilitumia kama kisima. Mwingine alisema jirani wa nyuma alikuwa hapati usingizi bila mdundo ule, na kwamba usiku huo atakesha. Maneno ya watu ukiyakata nusu bado yanatosha kujaza gunia. Lakini lililokuwa kweli halikuhitaji chumvi: Kamanda alikuwa fundi bomba wa hospitali kuu, mtu wa kuweka sikio ukutani akakuambia bomba limetoboka wapi, na hakuwa na Jumamosi ya kutengeneza lake. Jumamosi zake zilikuwa za skauti. Watu wenye watoto shuleni leo ndio waliokuwa wakikimbia mbele ya filimbi yake alipoanza.

Jioni alirudi na furushi la kamba za mahema begani. Akasimama mlangoni mwa jikoni, akainamisha kichwa.

"Kuna nini humu?"

"Kuna kimya," mkewe alijibu. Alikuwa akikunja sare yake ya kazi. Yeye alifanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali hiyo hiyo, mahali ambapo mvuke humtoa mtu nje akiwa kama ndizi iliyochemshwa.

"Nani kalitengeneza?"

"Spana."

Kamanda alitua furushi. Spana alikuwa kijana fundi bomba wa karakana ya barabara ya pili. Aliwahi kuwa skauti wake, tena kiongozi wa kikosi, mpaka siku moja akaacha kuja bila kuaga.

"Ungeniambia tu, mke wangu."

"Nilikuambia. Mara ya kwanza Kibiriti alikuwa tumboni."

Kamanda akacheka kidogo, akidhani ni utani. Mkewe hakucheka. Akaiweka sare juu ya kiti, akaigonga kwa kiganja kana kwamba anamlaza mtoto.

"Kesho na keshokutwa nina zamu. Tulikubaliana utabaki na mtoto."

"Kesho ni kambi."

"Mwaka jana ulisema ndiyo kambi ya mwisho. Na mwaka juzi ilikuwa ya mwisho. Nyumba hii ina miisho mingi kuliko makaburi."

"Sasa nitawaachia nani wale watoto?"

"Na mimi ndilo ninalokuuliza. Huyu mmoja nimwachie nani?"

Aliyeulizwa habari zake alikuwa mlangoni tayari, miaka saba, mwembamba, kichwa chake kidogo kikiwa tayari kuwaka wakati wowote. Ndiyo maana hakuna aliyemwita kwa jina la cheti. Kibiriti alikuwa akililia skafu tangu aanze kutembea. Kanuni ilisema bado mdogo.

"Nitaenda kambini," alisema. "Sitasumbua. Nitalala hema la baba."

Kabla mama hajafungua mdomo, simu ya Kamanda ikaita. Alikuwa kinyozi, msaidizi wake. Wasaidizi walikuwa wengi miaka ya nyuma. Mmoja aliolewa, mmoja akahama, na mmoja, kwa maneno ya mama Kibiriti, alipata akili. Kinyozi ndiye aliyekuwa amebaki.

"Shikamoo, Kamanda."

"Marahaba. Umeshafunga mizigo?"

"Ndiyo hilo nimekupigia. Kesho Jumamosi, mzee wangu. Jumamosi ndiyo siku ya vichwa."

"Hata mimi nina vichwa."

"Vyako havilipi, Kamanda." Kinyozi alilisema bila ubaya, kama mtu anayetaarifu kwamba mvua imenyesha. "Naomba uniwie radhi. Na si kesho tu. Nadhani nimefika mwisho wangu."

Kamanda akampigia Kamishna wa skauti. Akamweleza kwamba kanuni inataka viongozi wawili kambini na amebaki mmoja, labda kambi iahirishwe. Kamishna alikuwa na sauti nene, ya kushiba, inayojaza chumba hata kupitia simu.

"Kanuni ni kanuni, lakini wewe ni wewe. Wewe peke yako ni wawili. Wazazi wameshajipanga na safari zao, utawaambia nini? Halafu sikiliza, ni siri hii: tunakuandalia nishani ya utumishi mrefu. Wewe ni nguzo yetu."

Mama Kibiriti alingoja simu ikatwe.

"Nguzo ndiyo inayoanza kuliwa na mchwa," alisema. "Na huyo aliyekwambia wewe ni wawili, mwambie hapa nyumbani hujatimia hata nusu."

Kisha akamfungia Kibiriti nguo zake kwenye mfuko, akaweka sweta juu kabisa, akafunga mfuko kwa fundo ambalo hata skauti asingelifungua.

*

Kambi ilikuwa kwenye msitu wa kupandwa, kando ya mto mdogo, mwendo wa lori kutoka mjini. Watoto walikuwa vikosi vinne: Chui, Tai, Nyati na Swala. Kila kikosi kilikuwa na hema zake, bendera yake na kiongozi wake mwenye miaka kumi na mitatu au minne anayejiona jenerali.

Kamanda alipika, akaamua ugomvi, akatoa miiba. Akamtafuta mtoto wa Nyati aliyejificha kwa sababu anataka kwenda kwao, akamkuta juu ya mti, akamshusha kwa hadithi ya simba aliyekuwa hajui kushuka. Simu ilikuwa haipoi. Mama mmoja alitaka kujua kama mwanawe amevaa soksi kavu. Baba mmoja alisema wake hali vitunguu, vitolewe. Usiku alizunguka hema kwa hema akisikiliza pumzi, na kulipokucha bado alikuwa akizunguka. Kwa desturi ya kambi kiongozi hula wa mwisho. Wa mwisho hula ukoko. Siku hizo mbili hata ukoko aliukuta umeshabanduliwa, akanywa chai.

Miaka ya nyuma uchovu ulikuwa ukimjia baada ya kambi. Safari hii ulimtangulia, akaukuta umeshatandika. Aligundua anawatazama watoto wakiimba na hasikii raha wala karaha, kama anayetazama nguo zikianikwa kwenye ua wa watu.

Kibiriti alikuwa kila mahali. Alibeba kuni zinazomzidi urefu, akafunga mafundo yasiyofungika, akapiga saluti kwa kila aliyepita, hata kwa mbuzi. Vikosi vilimwambia, "Wewe si wetu, wewe ni wa Kamanda," naye akalichukua hilo kama cheo.

Jumapili alasiri mbingu ikafunga. Dereva wa lori alikuwa na mzigo wa mchanga wa kufuata, akaanza kupiga honi kabla hata mahema hayajalala. Kamanda alikuwa na nguzo za hema mikononi na kamba mdomoni Kibiriti alipomvuta shati.

"Baba, nipe kazi."

"Subiri kwanza."

"Kila mtu ana kazi. Mimi sina."

Akaitema kamba. Chini, nyuma ya miamba ya mtoni, ulikuwepo moto wa jikoni, umemwagiwa maji lakini bado unafuka. Sheria ya kambi ni kwamba moto hauachwi mpaka majivu yapoe.

"Kalinde moto ule. Ukifuka, mwagia maji. Unajua mlinzi anafanyaje?"

"Mlinzi haondoki mpaka apokewe," alisema Kibiriti. Alikuwa amewasikia wakubwa wakikariri.

"Haya. Nenda."

Mtoto akapiga saluti ya vidole vitatu. Kamanda hakuijibu, mikono yake ilikuwa imejaa. Akamwona akishuka mbio na kikombe cha bati, sweta limefungwa kiunoni, akipotelea nyuma ya mwamba.

Mvua ikaanza kwa matone makubwa. Honi ikalia tena. Kamanda akapuliza filimbi ya kukusanyika, watoto wakapanda lorini kikosi kwa kikosi. Katika kundi lile kiongozi mkuu hakuhesabu vichwa. Alikuwa amewafundisha hivyo tangu mwanzo, na viongozi wa makundi mengine walikuja kuiga: kila kiongozi wa kikosi ahesabu wake, kisha atoe sauti. Mtu akihesabu wengi huchanganya. Akihesabu wake tu hakosei. Kwa njia hiyo, miaka yote ile, hakuwahi kupoteza mtoto hata mmoja.

"Chui, tumetimia."

"Tai, tumetimia."

"Nyati, tumetimia."

"Swala, tumetimia."

Vikosi vyote vilikuwa vimejibu. Kamanda akahesabu masufuria, mashoka, nyundo ya vigingi. Vyote vilikuwepo. Akapanda mbele kwa dereva, akafunga mlango. Watoto wa nyuma walijua Kibiriti yuko mbele na baba yake. Dereva alidhani yuko nyuma na wenzake. Na baba yake, kabla ya kona ya kwanza, usingizi ulikuwa umeshamkamata kama polisi, bila kumpa nafasi ya kujieleza.

*

Aliamshwa mbele ya lango la shule. Wazazi walikuwa wamesimama chini ya miamvuli, wengine wamebaki ndani ya magari wakiwasha taa na kuzima. Akawakabidhi watoto mmoja mmoja. Hakuna aliyemuuliza amelala lini. Mmoja alimuuliza mbona mwanawe ananuka moshi.

Muuza nyama, ambaye mtaa ulimwita Bucha, alichelewa kama kawaida yake. Kamanda akakaa na mtoto wake ukutani akimngojea. Hapo ndipo kitu kilipoanza kumgonga kichwani, polepole, kama tone: kuna kitu umesahau. Akahesabu tena masufuria. Akahesabu mashoka. Akaitafuta nyundo, akaikuta. Bucha akaja, akapakia mtoto wake, akasema, "Foleni, Kamanda, foleni tu," akaondoka. Kamanda akabeba mahema, akaenda kwake kwa miguu, na lile tone likimfuata njia nzima.

Mkewe alikuwa ametoka zamu muda mfupi kabla. Alikuwa ameshaweka sahani tatu mezani. Akamtazama mumewe akiingia, akatazama nyuma yake, akautazama mlango.

"Kibiriti yuko wapi?"

Kamanda aliingiza mkono mfukoni. Hakujua kwa nini. Aliupapasa mfuko wa kulia, kisha wa kushoto, kama mtu anayetafuta ufunguo. Mkono wa kushoto ulipotoka mtupu, akakaa juu ya mahema.

"Moto," alisema.

"Moto gani? Mtoto yuko wapi?"

"Nilimweka mlinzi kwenye moto."

Mama Kibiriti hakupiga kelele. Alichukua koti lake la mvua, akachukua la mtoto, akamwambia kwa sauti ya chini kabisa, "Simama. Tafuta gari."

Dereva wa lori hakupatikana. Msimamizi wa msitu simu yake ilikuwa imezimwa. Kamanda akawageukia wazazi. Wa kwanza alisema gari liko kwa fundi; Kamanda alikuwa ameliona dakika chache nyuma, taa zikiwaka na kuzima. Wa pili alisema, "Pole sana, Kamanda, tutaomba," akakata. Kamishna hakupokea. Bucha alipokea, akasikiliza mpaka mwisho, akasema gari lake ni la nyama, lina baridi, si la watu. "Lakini wewe mwenyewe si mtaalamu wa misitu?" aliongeza.

Mama Kibiriti alikuwa ameshatoka. Kamanda alimfuata mbio, akamkuta anagonga mlango wa bati wa Spana, na pikapu ya Spana imejaa mabomba.

"Mtoto ameachwa msituni," mama alisema.

Spana hakuuliza ameachwaje. Akaanza kutupa mabomba chini, kelele zake zikaamsha mbwa wote.

Walikaa watatu mbele, mama katikati. Mvua ilikuwa ikishuka na jua nalo likishuka nyuma yake. 

"Nilihesabu," Kamanda alisema mwishowe. "Vikosi vyote vilitimia."

"Nyundo je?" mkewe aliuliza.

"Nini?"

"Ile nyundo ya vigingi unayoihesabu kila safari. Ilikuwepo?"

Kamanda akageuzia uso dirishani.

"Nijibu, baba Kibiriti."

"Ilikuwepo."

"Haya," mama alisema. Akageuka kutazama barabara.

Spana alikuwa akiendesha amejiinamisha, pua karibu iguse kioo. Baada ya daraja akasema, bila kumtazama mtu:

"Unakumbuka nilipoacha kuja, Kamanda?"

"Nakumbuka. Sikuwahi kujua nilikukosea nini."

"Hukunikosea. Tulikuwa tunaosha masufuria, ukanishika bega ukasema, wewe ndiye utakayenipokea. Nikakutazama. Nikatazama viatu vyako, nikatazama macho yako. Kesho yake sikuja." Akabadilisha gia. "Nilikupenda sana, mzee. Ila sikutaka kuwa wewe."

*

Kiza kilikuwa bado hakijakamilika walipofika. Kulikuwa na ule mwanga wa mwisho wa rangi ya maji ya kuoshea vyombo. Kamanda alitangulia, akiteleza, akipiga filimbi. Hakuna aliyeitika. Mto ulikuwa umepanda, unanguruma, umemeza mchanga wa pembeni. Alipofika kwenye miamba aliogopa kuizunguka. Mtu aliyewahi kuingia kwenye tangi la maji la hospitali kuzibua uchafu kwa mikono yake alisimama nyuma ya jiwe akaogopa kutazama. Mkewe ndiye aliyempita.

Kibiriti alikuwa amekaa juu ya jiwe, mgongo umenyooka, kikombe cha bati magotini, mto ukimpita hatua chache kutoka miguuni. Majivu mbele yake yalikuwa yameshageuka uji. Moto ule ulikuwa umezimika zamani, umezimwa na mvua iliyommwagikia yeye pia. Sweta bado lilikuwa limefungwa kiunoni. Hakuna aliyemwambia alivae.

Mama alimzoa, akamkandamiza kifuani, akawa anasema maneno yasiyo na mpangilio. Mtoto hakumkumbatia. Kichwa chake kilikuwa juu ya bega la mama, meno yanagongana, macho yanamtafuta baba.

"Baba," alisema. "Nimepokewa?"

Kamanda akamsogelea, akamfuta maji usoni. Mtoto akangoja. Kikombe bado alikuwa nacho mkononi.

"Umepokewa," baba alisema.

Ndipo vidole vikaachia kikombe, kikaanguka juu ya jiwe na kuviringika hadi majini. Kibiriti akaanza kulia, si kilio cha kuwaka kama kawaida yake. Kidogo kidogo, kama mtu mzima.

"Nilisikia filimbi," alimwambia mama. "Na lori nililisikia. Nikasema watakuja kunipokea. Halafu nikajikojolea, mama. Sikutaka kuondoka kwenda kukojoa."

Spana, aliyekuwa ameshika tochi, aliigeuzia kwenye miti.

*

Mtoto alilala wodini, kifua kikimkoroma, mama akimfulia shuka zake mwenyewe kwenye chumba cha kufulia huko chini. Kamanda akakaa kwenye benchi la nje, chini ya bomba alilolifunga kwa mikono yake, na wauguzi waliokuwa wakimtania kila siku wakapita wanatazama sakafu.

Habari nayo haikulala. Jumanne mtaani ilisemekana mtoto alikutwa kwenye pango la chui. Jumatano, chui alikuwa jike na alikuwa akimnyonyesha. Kufika Alhamisi walikuwa chui wawili, na Kamanda alikuwa amewauzia mtoto. Ijumaa wazazi wakaitisha mkutano.

Walikusanyika kwenye darasa la shule. Miaka yote Kamanda alipoitisha mkutano wa wazazi alikuwa akihutubia madawati. Siku hiyo wengine walisimama. Walibana magoti kwenye viti vya watoto, wamevaa vizuri, kama wanaokwenda kupiga picha. Kamishna alikaa mbele. Mfuko wa koti lake ulikuwa umetuna kwa kiboksi cha mraba, naye kila mara aliufunika kwa kiganja.

"Mimi sina mengi," alianza mama wa soksi kavu. "Nauliza tu. Mtu aliyemsahau wa kwake, wetu sisi anawakumbukaje?"

"Wenu niliwakumbuka wote," Kamanda alisema. Hakulisema kwa kujitetea. Ndiyo ilivyokuwa.

"Hilo si jibu," Bucha alisema. "Sisi tunakuamini. Tunakupa watoto wetu, roho zetu. Halafu tunasikia ulikwenda peke yako. Kanuni si inasema viongozi wawili?"

Kamanda akamtazama Kamishna. Kamishna alikuwa ameona kitu cha maana sana darini.

"Inasema wawili," Kamanda alisema. "Nilikwenda peke yangu. Kosa ni langu."

"Basi afadhali umekiri." Bucha akajinyoosha, akafurahi kidogo. "Kwa hiyo tunataka kambi ijayo mambo yawe tofauti."

Kamanda alidhani hakusikia vizuri. "Kambi ijayo?"

"Ndiyo. Tunakupa nafasi nyingine. Si ndiyo, wazee? Binadamu hukosea." Watu wakaitika kwa vichwa, ndiyo, binadamu hukosea. Wengine walikuwa wameshaanza kutafuta funguo za magari.

Kamanda akainuka. Aliivua filimbi shingoni. Kamba yake ilikuwa imeacha mstari mweupe kwenye ngozi, kama pete iliyovuliwa. Akaiweka juu ya meza.

"Nani atanipokea?" aliuliza.

Mama wa soksi alifungua mkoba wake, akatazama ndani kana kwamba jibu limo humo. Baba wa vitunguu akasema yeye ni mtu wa safari. Mwingine akasema mgongo. Kinyozi, aliyekuja na kukaa nyuma kabisa, alikuwa akizitazama kucha zake. Filimbi ilikaa mezani, ndogo, kila mtu akiikwepa kwa macho kama deni la jirani.

"Niliwafundisha watoto wenu kwamba mlinzi haondoki mpaka apokewe," Kamanda alisema. "Niliwafundisha vibaya. Wangu alishika nilichomfundisha, akakaa juu ya jiwe mvua ikamnyeshea, mto ukamkaribia. Mlinzi akiona hapokewi, aondoke. Apige kelele, aondoke. Na mimi naondoka."

"Shukrani ya punda," mtu mmoja alinong'ona nyuma.

"Lakini, Kamanda," Bucha alisema, na kwa mara ya kwanza alionekana kuwa na wasiwasi wa kweli, "sasa Jumamosi watoto wataenda wapi?"

Kamishna alimfuata mpaka mlangoni, akamshika mkono kwa mikono miwili, akasema wataonana, wataongea vizuri. Kiboksi kiliondoka naye mfukoni.

*

Jumamosi asubuhi mvua ilikuwa imekatika. Kibiriti alikuwa amerudi nyumbani, amekaa mezani amevaa sweta ingawa kulikuwa na joto; tangu siku ile hakukubali kulivua. Mama hakuwa na zamu. Kamanda alikuwa amekaa na kikombe cha chai, na kwa mazoea akasikiliza bomba. Halikudondoka. Spana alikuwa amefanya kazi nzuri, mpira mpya, uzi umefungwa vizuri, hata yeye asingefanya zaidi.

Kisha wakasikia viatu uani.

Hakuna aliyekuwa amewaambia watoto. Au waliambiwa, wakadhani ni mambo ya wakubwa. Walipanga mistari minne mbele ya mlango uliofungwa. Skafu zao zilionekana kupitia pazia.

"Chui, tumetimia."

Kamanda aliweka kikombe chini.

"Tai, tumetimia. Nyati, tumetimia. Swala, tumetimia."

Kikafuata kile kimya ambacho filimbi hukijaza. Mama Kibiriti alikuwa amesimama kwenye sinki, amempa mgongo. Hakumwambia nenda, hakumwambia kaa. Alikuwa akiosha kikombe kimoja, akikirudia. Mwili wa Kamanda ulikuwa umeshanyanyuka nusu kwenye kiti wenyewe, kama mguu unavyoruka daktari akigonga goti.

"Baba, wanakuita," Kibiriti alisema.

"Nasikia."

"Huendi?"

Akajirudisha kitini. Hilo tu, kukaa kitini, lilimtoa jasho. Nje wakaanza upya, kwa sauti kubwa zaidi, kwa sababu aliwafundisha kwamba ukiita usipoitikiwa, uite tena. Mara ya tatu sauti ya Swala ilikatika katikati. Wakasimama hapo muda mrefu. Halafu lango likalia, likalia tena, na viatu vikaondoka, si kwa mwendo wa gwaride. Kila mmoja na mwendo wake.

Kamanda alikuwa amefunika uso kwa viganja. Mkewe akafunga bomba, akafuta mikono, akaja kukaa mezani. Hakumgusa. Baadaye aliinuka, akachukua koti na mkoba, maana walipangiwa kumrudisha mtoto hospitali akatazamwe kifua. Akaufungua mlango.

Kibiriti hakutoka. Alisimama kizingitini, sweta limembana, akanyoosha kidole. Akamwonyesha mama. Akamwonyesha baba. Akageuza kidole, akajigusa kifuani.

"Tumetimia," alisema.

Hakutabasamu. Alilisema kama mkaguzi, mtu asiyemwamini yeyote kwa kazi hiyo. Na kuanzia siku ile, hata ikiwa ni kwenda dukani kufuata chumvi, mlango wa nyumba ile haukufungwa mpaka yeye ahesabu kwanza.